Chura gani umchukue kusoma maisha ya maji chumvi: mla-kaa, Bufotes, Hyla au Litoria?

Kama umepewa topiki ya amfibia na chumvi, au umeipenda tu mwenyewe, utakwama mapema sana. Ukianza kusoma habari za vyura wanaoishi karibu na bahari majina manne yanajirudia kila mahali, kila mwandishi anampigia debe wa kwake, na wewe una nafasi ya kumshughulikia mmoja, labda wawili. Hii nimeiandika kwa ajili ya mtu aliyekwama hapo, awe mwanafunzi anayetafuta mada ya projekti, mwalimu anayeandaa kipindi, au mtu anayetaka kufanya uzamili na hajui aanze na chura yupi.

Kwanza tuelewane kwa nini chumvi ni balaa kwa hawa viumbe. Chura kwa kawaida hanywi maji kwa mdomo, anayapitisha kwenye ngozi, hasa ile sehemu laini ya chini ya tumbo karibu na mapaja, na ngozi hiyo hiyo inamsaidia kupumua. Sasa ngozi inayoruhusu maji kuingia inaruhusu pia kutoka. Damu ya chura wa kawaida ina ukolezi wa miliosmoli 200 hadi 300 hivi (hicho ni kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake), maji ya bahari yako kwenye 1000 na yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo chura wa kawaida akitumbukia humo maji yanamtoka kama tango lililokatwa likanyunyiziwa chumvi, na huku chumvi inamwingia. Figo nazo hazimwokoi, maana figo za amfibia haziwezi kutengeneza mkojo wenye ukolezi kuliko damu yao. Charles Darwin aliliona hili zamani, kwenye kitabu chake cha 1859 aliandika kwamba visiwa vya katikati ya bahari karibu vyote havina vyura wala salamanda, na sababu aliyoitoa ni kwamba maji ya bahari yanawaua wao na mayai yao.

Lakini wapo wanaoweza. Mwaka 2015 Gareth Hopkins na Edmund Brodie walichapisha mapitio wakahesabu spishi 144 za amfibia zilizowahi kukutwa kwenye maji yenye chumvi. Ukiziweka kando ya spishi zaidi ya 8,000 zinazojulikana leo ni kidogo, ila ni nyingi mno ukilinganisha na ile sentensi ya shuleni kwamba amfibia na chumvi haviendani, nukta.

Vigezo nitakavyotumia

Nitawapitisha wote kwenye mambo matano yale yale. La kwanza ni chumvi yenyewe, anavumilia kiasi gani. La pili ni njia, yaani mwili wake (au tabia yake) unafanya nini hasa. La tatu ni mayai na viluwiluwi, na hapa naomba usiruke, kwa sababu chura mkubwa anaweza kuruka akaondoka kwenye dimbwi lililoingiwa na maji ya bahari ila yai haliendi popote, na pwani nyingi anayeamua kama kizazi kitaendelea ni yai. La nne ni maandiko, utapata cha kusoma au utahangaika. La tano nimeliita tahadhari, yaani pale watu wanapojikwaa wakimwandika huyo chura.

Mla-kaa (Fejervarya cancrivora)

Huyu ni wa kusini-mashariki mwa Asia, anakaa kwenye mikoko, madimbwi ya pwani na mashamba ya mpunga pia, na kaa anawala kweli pamoja na wadudu. Kwenye maandiko ya zamani utamkuta kama Rana cancrivora.

Chumvi. Katika hawa wanne hakuna anayemfikia. Mkubwa anavumilia mpaka kama gramu 28 kwa lita, yaani asilimia 80 ya bahari, na kiluwiluwi anafika 39, chumvi kali kuliko bahari yenyewe.

Njia. Mwaka 1961 Malcolm Gordon, Knut Schmidt-Nielsen na Hamilton Kelly walipima damu yake, na zile namba zinafaa kutazamwa moja moja. Kwenye maji baridi damu ilikuwa na ukolezi wa miliosmoli 290 hivi, sodiamu milimoli 125 kwa lita, yurea (ile taka ambayo kwa kawaida mwili unaitoa na mkojo) kama 40. Kwenye maji yenye asilimia 80 ya bahari ukolezi ukapanda hadi 830, sodiamu ikafika 252, na yurea ikafika 350. Yaani ini linatengeneza yurea, mwili unaizuia isitoke, na damu inakolea mpaka inayapita kidogo tu maji ya nje. Hiyo "kidogo tu" ndo siri yenyewe, kwa sababu damu ikiwa imekolea kuliko maji ya nje basi maji yanaingia polepole badala ya kutoka, na chura anapata maji ya kukojolea bila kunywa. Papa nao wanatumia yurea hivyo hivyo. Mwaka 2004 Patricia Wright na wenzake wakaonyesha kwamba chumvi ikipanda, ini la mla-kaa linaongeza kazi ya kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa yurea, kwa hiyo sio kubana mkojo peke yake, kiwanda nacho kinaongezewa kasi.

Ila ukirudi kwenye zile namba utaona sodiamu nayo imepanda mara mbili. Maelezo mengi mafupi yanasema "anatumia yurea" yanaishia hapo, wakati yurea imebeba zaidi kidogo ya nusu ya ongezeko lote, iliyobaki ni chumvi ya kawaida ambayo seli zake zinaivumilia. Kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko hata yurea.

Mayai na viluwiluwi. Hapa anashangaza. Kiluwiluwi hatumii mbinu ya mzazi wake hata kidogo, anaishi kama samaki wa baharini, damu yake inabaki na ukolezi mdogo kuliko maji yaliyomzunguka na chumvi iliyozidi anaisukuma nje. Mnyama mmoja, mbinu mbili zinazopingana, na zinabadilishana wakati wa kugeuka kuwa chura. Lakini kurutubishwa kwa mayai na kule kugeuka kwenyewe kunahitaji maji yaliyopungua chumvi, kwa hiyo bado anategemea mvua ije iyapooze madimbwi.

Maandiko. Mengi na yanaeleweka. Kazi ya 1961 na ile ya viluwiluwi ya 1965 iliyofanywa na Gordon na Vance Tucker zimeingia kwenye vitabu vya fiziolojia, so hata ukikosa makala zenyewe utapata jedwali zake.

Tahadhari. Usimwandike kama chura wa baharini. Ni chura wa ukanda wa maji kujaa na kupwa, na bila maji baridi ya msimu hazai. Pia baadhi ya vyura waliokuwa wakiitwa kwa jina hili sasa wanatengwa kama Fejervarya moodiei, kwa hiyo angalia sampuli za makala unayosoma zilitoka wapi.

Bufotes, chura wa kijani wa nchi kavu (Bufotes viridis)

Ana ngozi ya vipele na madoa ya kijani, eneo lake ni Ulaya na kuendelea Asia, anakaa mashambani, mijini, na kwenye nchi kame.

Chumvi. Mkubwa anafika kama nusu ya bahari, na akizoeshwa polepole kwa wiki kadhaa anapita hapo. Neno la kushika ni kuzoeshwa: ukimpeleka ghafla kwenye chumvi ambayo mwenzake aliyepandishwa hatua kwa hatua anaimudu, huyu anaweza kufa.

Njia. Damu inakolea, kwanza kwa sodiamu na kloridi, na yurea nayo inapanda. Uri Katz wa Israel alimsoma miaka mingi na kazi zake zinaonyesha kitu ambacho mimi naona ndo sababu ya kumchagua huyu. Chura huyu akijifukia ardhini wakati wa ukame analimbikiza yurea vilevile. Udongo unaokauka unavuta maji ya chura kama maji chumvi yanavyoyavuta, kwa mwili wake shida ni moja. Kwa hiyo inawezekana sana kwamba vyura wengi wa pwani hawakuanzia kwenye chumvi, walianza na ukame, wakafika pwani wakiwa na vifaa tayari. Hapo ninatoa maoni, ila ni swali zuri mno la kujengea projekti.

Mayai na viluwiluwi. Hapa hana makuu. Anazaa kwenye madimbwi ya kina kifupi, mengine yana chumvichumvi, lakini viluwiluwi hawana ule ujuzi wa mla-kaa.

Maandiko. Mengi kwa upande wa mkubwa: ngozi, figo, kibofu, homoni. Ni ya kitaalamu, mtu wa kidato cha nne atachoka.

Tahadhari. Majina. Kilichoitwa Bufo viridis kwa karne mbili kimegawanywa kuwa spishi kadhaa, wale wa Levanti (nchi za mashariki mwa Mediterania) sasa ni Bufotes sitibundus na wa rasi ya Italia ni Bufotes balearicus. Ukichukua namba za makala ya miaka ya 1960 ukazilinganisha na za juzi, unaweza kuwa unalinganisha spishi mbili bila kujua.

Hyla, chura wa miti wa Marekani (Hyla cinerea)

Kijani kibichi, mwembamba, mstari mweupe ubavuni, wa kusini-mashariki mwa Marekani. Siku hizi wengine wanamwita Dryophytes cinereus.

Chumvi. Ya wastani, chini sana ya mla-kaa. Kinachomfanya awe wa maana ni kwamba spishi ni moja ila kuna wanaoishi bara kwenye maji baridi na wanaoishi pwani ambako dhoruba na mawimbi yanasukuma chumvi kwenye madimbwi yao, so una kundi la kulinganisha tayari.

Njia. Molly Albecker na Michael McCoy waliwafuatilia kwenye pwani ya North Carolina. Matokeo yao ya 2017 yanahusu hatua kadhaa za maisha: majike wa bara wanakwepa kutaga kwenye maji yenye chumvi, wa pwani hawakwepi, na mayai na viluwiluwi vya pwani vinavumilia chumvi kuliko vya bara. Halafu 2021, pamoja na Adam Stuckert na Christopher Balakrishnan, wakawalea wa pwani na wa bara kwenye mazingira yanayofanana wakaangalia jeni zinazofanya kazi. Tofauti ilifuata zaidi asili ya chura kuliko maji aliyolelewa. Zile za pwani zilihusu kusafirisha chumvi na kubana viungio vya seli, na moja ikaashiria kwamba wanatumia gliseroli kushikilia maji mwilini, mbinu ya kuhimili chumvi ambayo ilikuwa haijajulikana kwa vyura.

Hapo naomba utulie kidogo, kwa sababu kuna vitu viwili watu wanavichanganya kila siku. Mla-kaa na Bufotes wanakuonyesha mnyama mmoja anavyobadilika ndani ya siku au wiki. Hyla anakuonyesha ukoo unavyobadilika ndani ya vizazi. Kuzoea na kurithi ni mambo mawili, na swali lako likiwa la pili, mla-kaa hatakusaidia sana hata kama ndiye mwenye sifa.

Mayai na viluwiluwi. Huyu anaongoza hapa, yai linapimwa, kiluwiluwi anapimwa, na hata uamuzi wa mama wa wapi atage unapimwa.

Maandiko. Sio mengi, ila ni ya karibuni na yamepangwa vizuri. Sehemu ya jeni inataka mtu mwenye msingi wa jenetiki.

Tahadhari. Usiseme "vyura watajizoesha bahari ikipanda". Kundi moja la pwani limebadilika kwa kiwango fulani cha chumvi, hiyo haikupi ruhusa ya kuahidi kwamba mengine yatawahi.

Litoria, chura wa kijani na dhahabu (Litoria aurea)

Ni wa kusini-mashariki mwa Australia, mkubwa na mzuri sana, wengine wanamwita Ranoidea aurea. Kabla ya Olimpiki ya Sydney ya 2000 aligunduliwa kwenye shimo la zamani la matofali huko Homebush, na mpango wa kujenga uwanja wa tenisi pale ukahamishwa.

Chumvi. Kidogo, na viluwiluwi wake wanaanza kudumaa na kufa chumvi ikizidi asilimia kadhaa tu za bahari. Ukimpima kwa uvumilivu peke yake ni wa mwisho.

Njia. Lakini hapa chumvi inageuka kuwa dawa. Kuvu anayeitwa Batrachochytrium dendrobatidis, aliyemaliza vyura sehemu nyingi za dunia kwa kuharibu ngozi zao, hapendi chumvi. Chura huyu wa Litoria amepotea sehemu kubwa ya eneo lake la zamani, waliobaki wengi wako pwani, baadhi kwenye madimbwi ya chumvichumvi. Michelle Stockwell, John Clulow na Michael Mahony walionyesha mwaka 2012 kwamba chumvi ya gramu chache kwa lita inazuia kuvu kukua na kuogelea, na kwamba vyura wa majaribio waliishi zaidi. Yaani kuna ukanda mwembamba, chumvi inatosha kumuumiza kuvu ila haitoshi kumuua kiluwiluwi, na chura anaishi humo katikati. Mimi hii habari inanigusa kuliko zote nne, kwa sababu kinachomwokoa mnyama ni kile kile kilichotakiwa kumuua.

Mayai na viluwiluwi. Ndo upande wake dhaifu, na ndo unaoweka mpaka wa juu wa chumvi inayofaa.

Maandiko. Mengi kwa upande wa uhifadhi na magonjwa, machache kwa upande wa damu na figo.

Tahadhari. Mtu akisoma haraka anatoka na wazo la kumwaga chumvi kwenye madimbwi. Chumvi haitoki kirahisi kwenye dimbwi, na spishi nyingine zinazokaa humo zinaweza kufa.

Na yule wa tano?

Utamkuta pia Epidalea calamita, chura wa vilima vya mchanga vya pwani za Ulaya, anayelindwa kisheria Uingereza. Sikumpa nafasi kamili kwa sababu anafanana na Hyla kwa swali analojibu: mwaka 2003 Ivan Gomez-Mestre na Miguel Tejedo walionyesha huko Hispania kwamba viluwiluwi kutoka madimbwi yenye chumvi wanaishi zaidi kwenye chumvi kuliko wenzao wa maji baridi. Kama Hyla amekushinda kwa ajili ya jeni, huyu ni mbadala mzuri, wazo ni lile lile na hesabu zake ni nyepesi.

Sasa uchague vipi

Una kipindi kimoja cha darasa na unataka wanafunzi waelewe osmosisi kwa mfano hai: chukua mla-kaa, waandikie ile 290 na 830 ubaoni, uwaulize maji yataelekea wapi kabla hujawaambia habari ya yurea. Usiongeze chura wa pili, muda hautatosha.

Unaandika projekti ya fiziolojia ya chuo na unapenda figo, ngozi na homoni: Bufotes ana nyama zaidi, hasa ukiunganisha chumvi na ukame. Ila jipe muda wa kupanga majina ya spishi kwanza.

Swali lako ni la mageuzi, au la kupanda kwa bahari na dhoruba: Hyla, au Epidalea kama hutaki kuingia kwenye jeni. Mla-kaa mtaje kwa aya moja tu ili msomaji aone tofauti ya kuzoea na kurithi.

Unavutwa na uhifadhi, magonjwa, au kazi ya kusimamia madimbwi: Litoria, na usimdharau kwa uvumilivu wake mdogo.

Unaishi karibu na pwani na unataka kufanya kazi ya uwandani kwa vyura wa kwenu, sio hawa wanne: basi chukua njia ya Hyla bila chura wa Hyla. Tafuta madimbwi yaliyo umbali tofauti kutoka baharini, pima chumvi kwa refraktomita kabla ya mvua na baada yake, andika nani anaita usiku, wapi kuna mayai na wapi mayai yameharibika. Usiwatie vyura kwenye ndoo za chumvi nyumbani, ni mateso kwao, na majaribio ya namna hiyo yanahitaji kibali na mtu anayejua kazi. Andika tarehe, saa na kiwango cha chumvi kwa kila dimbwi kila unapokwenda, hata siku ambayo hukuona chura, kwa sababu dimbwi lisilo na mayai lenye gramu 9 kwa lita nalo ni data.